Kodi, marufuku au ujenzi? Sera za nyumba ghali na nyumba za pili zikilinganishwa

Mjadala wa nyumba ghali ukipamba moto, wa kwanza kusimama hudai nyumba za pili zitozwe kodi, wa pili hudai zipigwe marufuku, wa tatu husema dawa ni kujenga nyingine. Wote watatu hupigiwa makofi. Kinachosahaulika ni kuuliza nyumba zilizofungwa zimefungwa kwa nini, na bila jibu la swali hilo hakuna njia ya kujua nani kati ya hao watatu ana hoja.

Nyumba isiyokaliwa huwa na sababu yake. Kuna ya likizo, ambayo mwenyewe anaishi mbali na huja wiki chache kwa mwaka. Kuna ya mlanguzi: ameinunua akingoja bei ipande, na mpangaji kwake ni usumbufu. Kuna inayopangishwa kwa siku mbili tatu kwa watalii, hivyo kwenye makaratasi haiko tupu lakini hakuna familia inayoweza kuishi humo. Halafu kuna ya mirathi: wazee wamefariki, watoto wametawanyika, hati bado ina jina la babu. Kodi inayomtisha mlanguzi haimgusi marehemu, na sheria ya kupunguza wageni wa siku mbili haimhusu mwenye nyumba ya likizo ambaye hapangishi kabisa.

Hapa chini nazilinganisha sera kuu kwa mambo yanayomhusu anayechagua: nyumba ngapi zinarudi sokoni, bei inashuka au la, fedha inapatikana kiasi gani, na ni rahisi kiasi gani kukwepa.

Kodi ya kila mwaka: Vancouver na Wales

Mji wa Vancouver, Kanada, ulianza kutoza kodi ya nyumba tupu mwaka 2017. Kiwango kilianza na asilimia 1 ya thamani ya nyumba iliyokadiriwa, kikapanda hadi 1.25 mwaka 2020 na 3 mwaka 2021. Madiwani walipitisha kipande hadi asilimia 5, lakini baraza jipya likarudisha 3 mwaka 2023. Kwa kiwango hicho, nyumba yenye thamani ya dola 1,500,000 iliyokaa tupu inadaiwa dola 45,000 kwa mwaka mmoja, nje ya kodi ya kawaida ya majengo. Nyumba huhesabiwa kuwa tupu ikiwa haikukaliwa na mwenyewe wala kupangishwa kwa jumla ya angalau miezi sita katika mwaka.

Kilichoipa kodi hii meno ni fomu. Kila mwenye nyumba ya makazi mjini, hata aliyelala humo usiku wa jana, hujaza tamko kila mwaka kueleza nyumba inatumikaje. Asiyejaza huchukuliwa kuwa nyumba yake ni tupu, na bili inamfuata. Baadaye wakaguzi huchagua baadhi ya matamko na kudai ushahidi: bili za umeme, bima, mkataba wa upangaji. Mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwa mwenye mali, na mji haulazimiki kutuma watu wa kuchungulia madirishani.

Matokeo? Idadi ya nyumba zilizotajwa kuwa tupu imepungua kwa zaidi ya nusu tangu kodi ianze, na mapato yake huelekezwa kwenye makazi nafuu. Hata hivyo, Vancouver imebaki kuwa moja ya miji ambako kipato cha kawaida hakinunui nyumba ya kawaida. Sababu ni ya hesabu tu. Mwaka wa kwanza nyumba zilizotozwa zilikuwa takriban 2,500, kati ya zaidi ya 180,000 zilizopaswa kujaza tamko. Hata zote zingefunguliwa siku moja, soko la mji mzima lisingetikisika sana. Anayeahidi kwamba kodi ya nyumba tupu itashusha bei za jiji kubwa anaahidi asichoweza kukitoa. Anayesema italeta nyumba elfu moja au mbili kwa wapangaji, pamoja na mfuko wa kujengea nyingine, anasema kweli.

Wales walipita njia nyingine. Huko, tangu Aprili 2023, halmashauri zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri kwa nyumba za pili na nyumba zilizokaa tupu muda mrefu. Yaani mwenye nyumba anaweza kulipa mara nne ya jirani yake. Kila halmashauri huamua kiwango chake. Gwynedd, yenye milima na pwani inayopendwa na watu wa likizo, ilichagua asilimia 150. Pembrokeshire ilipanda hadi 200 mwaka 2024, kisha ikashuka hadi 150 mwaka uliofuata.

Ukiziweka kodi hizi mbili pamoja, tofauti inayouma iko kwenye msingi wa hesabu. Vancouver hutoza kwa thamani ya sasa. Wales huzigawa nyumba katika madaraja ya thamani yaliyokadiriwa kwa bei za mwaka 2003, na nyumba ya daraja la juu kabisa hulipa mara tatu na nusu tu ya ile ya daraja la chini kabisa. Kwa hiyo nyongeza ya Wales humkaba zaidi aliyerithi kijumba cha bibi kuliko tajiri mwenye jumba linaloitazama bahari. Kwa upande wa haki, Vancouver inashinda bila ubishi.

Wales nao wana somo kuhusu mianya. Mwenye nyumba ya pili aliweza kujiandikisha kama mfanyabiashara wa nyumba ya wageni, akahama kutoka kodi ya halmashauri kwenda kodi ya biashara, na kwa msamaha wa biashara ndogo akaishia kulipa sifuri. Zamani alitakiwa kupangisha siku 70 tu kwa mwaka. Mwaka 2023 serikali ya Wales ikapandisha hadi siku 182. Waliokuwa wakijifanya wafanyabiashara walinaswa, ila na wafanyabiashara wa kweli wasiofikisha siku hizo kwa sababu watalii huja msimu mmoja tu nao walinaswa, na kelele zao hazikuwa za uongo.

Kabla ya kutoka kwenye kodi za mwaka, Ufaransa inastahili kutajwa kwa jambo moja. Mwaka 2023 ilifuta kabisa kodi ya makazi kwa nyumba ya kuishi na kuibakiza kwa nyumba za pili. Ghafla dola ikahitaji kujua kila nyumba nchini ni ya aina gani. Wamiliki wakatakiwa kujaza matamko mtandaoni, wengi wakakosea au hawakujaza, na watu wasiohusika, hata watoto, wakatumiwa hati za kodi. Nchi yenye urasimu wa karne nyingi ilijikwaa hapo. Palipo na rejista ya ardhi iliyojaa majina ya marehemu, mwaka wa kwanza wa kodi hii utakuwa wa malalamiko matupu, na hilo lisiwashangaze waliopitisha sheria.

Kodi ya siku ya kununua

Njia nyingine ni kumkamata mnunuzi mlangoni. Singapore ndiyo iliyofika mbali zaidi: tangu Aprili 2023, raia anayenunua nyumba ya pili hulipa ushuru wa ziada wa asilimia 20 ya bei, ya tatu asilimia 30, na mgeni hulipa asilimia 60 hata kwa nyumba ya kwanza. Uskoti wana nyongeza ya asilimia 8 kwa nyumba ya ziada tangu Desemba 2024.

Kwa serikali yenye maofisa wachache, hii ni rahisi kuliko kodi ya mwaka. Hati haihamishwi mpaka ushuru ulipwe; hakuna tamko, hakuna ukaguzi wa bili za umeme. Lakini haimhusu aliyekwisha kununua. Mwenye nyumba tatu tangu miaka ya nyuma hulala usingizi mnono, tena huenda akaamua kutouza hata anapozichoka, kwa kuwa akija kutaka kurudi sokoni atalipia upya. Aidha ushuru huu haujali nyumba inatumikaje: anayenunua nyumba ya pili ili apangishe familia kwa miaka kumi hulipa sawa na anayeifunga kwa kufuli. Kwa mji ambao nyumba tupu tayari zimejaa, kodi ya kununua peke yake imechelewa. Mahali ambako wimbi la walanguzi ndiyo kwanza linaanza, ndiyo ya kwanza ya kufikiria.

Marufuku: Uswisi na St Ives

Tarehe 11 Machi 2012 Waswisi walipiga kura juu ya pendekezo la mwanamazingira Franz Weber, likapita kwa asilimia 50.6. Katika manispaa yoyote, nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Palipozidi, na vijiji vingi vya milimani vilikuwa vimezidi mbali, hakuna kujenga nyumba mpya ya pili. Nyumba zilizokuwepo kabla ya kura zikaachwa huru: mwenyewe anaweza kuziuza kama za likizo au za kuishi, atakavyo. Sheria ya utekelezaji ilianza kutumika mwaka 2016.

Mwaka huohuo wa 2016, mji mdogo wa pwani wa St Ives, huko Cornwall, Uingereza, ulipiga kura yake. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga walikubali mpango wa mji unaosema kila nyumba mpya lazima iwe makazi makuu ya mtu anayeishi humo. Kampuni moja ya usanifu ilikwenda mahakamani kuupinga ikashindwa.

Mipango hii miwili inafanana kuliko wenyewe wanavyodhani, kwa sababu yote inagusa nyumba mpya tu. Hapo ndipo kasoro yake ilipo. Mtu wa likizo mwenye fedha hakuacha kuipenda bahari ya St Ives. Alizuiwa nyumba mpya, akageukia za zamani, zilezile ambazo kijana wa pale angeweza kuzitamani. Na mjenzi aliyezoea kuuza nyumba kadhaa kwa bei ya likizo ili apate faida ya kufidia zile za bei nafuu hupiga hesabu upya, kisha huenda kujenga mji mwingine.

Uswisi wana ushahidi uliochambuliwa vizuri zaidi. Wachumi Christian Hilber na Olivier Schöni walilinganisha manispaa zilizoguswa na zisizoguswa, wakakuta kwamba katika zilizoguswa bei za nyumba za kuishi zilidorora huku ukosefu wa ajira ukiongezeka. Ukilisoma haraka, ni ushindi: bei imetulia. Lisome tena. Waliopoteza thamani ya nyumba ni wenyeji walewale waliokusudiwa kulindwa, na mafundi waliokosa vibarua walikuwa majirani zao. Mgeni mwenye nyumba ya zamani ya likizo aliambulia kitu ambacho hakitajengwa tena, na kitu cha aina hiyo hakishuki bei.

Je, marufuku haifai kabisa? Inafaa pale ambapo tatizo lenyewe ni mandhari na ardhi, yaani bonde dogo lisilo na kiwanja kingine, ambako kila nyumba ya likizo inayojengwa hula malisho au mteremko. Weber alikuwa akitetea milima, na kwa kipimo hicho alifaulu. Kama lengo ni mwalimu na muuguzi wapate pa kuishi, chombo hiki ni butu.

Denmark walichagua kitu cha tatu ambacho hakitajwi vya kutosha. Huko nyumba za majira ya joto zina maeneo yake, na nyumba za mwaka mzima zina maeneo yake. Katika halmashauri zinazotumia sheria hiyo, nyumba ya mwaka mzima lazima ikaliwe. Ikikaa tupu zaidi ya wiki sita, mwenyewe anapaswa kuiarifu halmashauri, nayo ina mamlaka ya kumletea mpangaji. Norway ina wajibu wa kukaa unaofanana na huo katika baadhi ya manispaa. Tofauti na St Ives, sheria hii inashika nyumba za zamani na mpya pamoja, kwa hiyo mnunuzi wa likizo hana pa kuhamia isipokuwa eneo alilotengewa. Kwa maoni yangu, ukilazimika kuwa na marufuku, iwe ya namna hii. Ugumu wake ni kuianzisha ukiwa umechelewa, kwani kumwambia aliyenunua kihalali kwamba kesho ataletewa mpangaji ni kesi ya mahakamani iliyo tayari.

Kumzuia mgeni wa nchi nyingine

Hii nitaipita haraka. New Zealand ilifunga mlango kwa wageni wengi mwaka 2018, ikiwaacha raia wa Australia na Singapore; Kanada ilifanya vivyo hivyo Januari 2023 na kurefusha hadi mwanzoni mwa 2027. Ni sera zinazopendwa majukwaani kwa kuwa mgeni hapigi kura. Lakini wanunuzi wa kigeni walikuwa sehemu ndogo ya mauzo New Zealand hata kabla ya sheria, na miaka michache baadaye bei zilipaa kwa kasi zikisukumwa na riba nafuu ya wakati wa korona na wanunuzi wa ndani. Ukiwa na kodi nzuri ya nyumba tupu, pasipoti ya mwenye nyumba haina umuhimu mkubwa.

Wageni wa siku mbili tatu: New York, Barcelona, Ufaransa

New York ilianza kutekeleza sheria yake Septemba 2023. Anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima ajiandikishe, awepo mwenyewe ndani ya nyumba wakati wa ugeni, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Ujanja wa sheria ni kwamba inazibana pia kampuni za mtandaoni: haziruhusiwi kushughulikia malipo ya nyumba isiyo na usajili. Matangazo ya muda mfupi yaliporomoka ndani ya wiki chache. Kodi za pango hazikuporomoka nayo. Mji wa watu milioni nane una upungufu ambao vyumba hivyo haviwezi kuuziba, na baadhi ya wenye nyumba walihamia kwenye mikataba ya mwezi mmoja na kitu, inayokwepa sheria bila kuivunja.

Barcelona imechagua kifo cha polepole. Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za watalii hazitahuishwa, na zitakuwa zimekwisha Novemba 2028. Wenye leseni walikwenda mahakamani, lakini Mahakama ya Katiba ya Hispania iliiunga mkono sheria ya Catalonia, jimbo lenye Barcelona, inayotoa msingi wa hatua hiyo. Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 2024, iliipa kila manispaa vifaa ichague mwenyewe: kupunguza siku ambazo nyumba ya kuishi inaweza kupangishiwa watalii kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka, kuweka idadi ya mwisho ya vibali, hata kutenga maeneo ambako nyumba mpya ni za makazi makuu tu.

Kati ya hizo tatu, ningeanza na ya Ufaransa, kwa sababu mji wa bandari na kijiji cha kuteleza kwenye theluji havina tatizo moja. Ila sehemu moja ningeichukua New York bila kubadili neno: kuibana kampuni inayopokea malipo. Kumfukuzia mwenye nyumba mmoja mmoja ni kazi isiyoisha, wakati kampuni zenyewe ni chache na zina anwani.

Nyumba zilizotelekezwa: funzo la Japani

Hapa ndipo sera nyingi hupotea njia. Takwimu za mwaka 2023 zilionyesha Japani ina nyumba tupu takriban milioni 9, sawa na asilimia 13.8 ya nyumba zote. Mtu akisikia hivyo hufikiri ni walanguzi. Ukweli ni kwamba nyumba za likizo ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Nyingi zinangoja wapangaji wasiokuja, na karibu milioni 3.9 hazipangishwi, haziuzwi wala si za likizo. Zipo tu. Wazee wamekufa au wamehamia nyumba za kutunzwa, na watoto wako mijini.

Jambo la ajabu ni jinsi kodi yenyewe ilivyozilinda. Kiwanja kidogo chenye nyumba ya makazi hukadiriwa kwa kodi kwa sehemu moja ya sita tu ya thamani yake. Ukibomoa nyumba mbovu, nafuu inaondoka, kodi inapanda, na umeshalipia ubomoaji. Mrithi mwenye akili timamu anaiacha paa iporomoke taratibu. Sheria ya mwaka 2015 iliruhusu manispaa kuondoa nafuu hiyo kwa nyumba hatarishi, na marekebisho ya 2023 yakaongeza zile zinazoelekea huko. Kuanzia Aprili 2024 kusajili urithi wa ardhi ni lazima ndani ya miaka mitatu, la sivyo kuna faini inayoweza kufika yeni 100,000. Kwa miaka mingi kabla ya hapo haikuwa lazima, na viwanja vikawa na warithi makumi wasiojuana.

Linganisha na Vancouver: kule mwenye nyumba anajulikana na nyumba ina thamani, hivyo kodi humsukuma apangishe. Huku hajulikani, au anajulikana na nyumba haina mnunuzi. Kodi ya asilimia 3 ya thamani iliyo karibu na sifuri haimsukumi mtu popote. Kinachohitajika ni ofisi ya mirathi inayofanya kazi haraka, fedha za kubomoa au kukarabati, na mamlaka ya kuchukua nyumba isiyo na mwenyewe. Ni kazi isiyo na mvuto wa kisiasa hata kidogo, na ndiyo maana huachwa.

Kujenga: Vienna, Singapore, Auckland

Sera zote zilizotangulia zinagawa upya nyumba zilizopo. Zikifanya kazi kwa ukamilifu, bado zina kikomo cha idadi ya nyumba zilizofungwa. Upungufu ukizidi idadi hiyo, hakuna pa kukimbilia isipokuwa kujenga, na swali linakuwa nani ajenge.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walijibu kwamba mji ndio ujenge. Mwaka 1923 walianzisha kodi ya ujenzi wa makazi iliyopanda kwa ngazi, kiasi kwamba nyumba chache za kifahari, nusu tu ya asilimia 1 ya zote, zilichangia karibu nusu ya mapato. Hadi 1934 zilikuwa zimejengwa zaidi ya nyumba 60,000. Leo mji unamiliki takriban 220,000, na ukijumlisha za mashirika yasiyotafuta faida kubwa, karibu nusu ya wakazi wanaishi katika makazi yaliyosaidiwa na umma. Ndiyo maana kodi yao ya nyumba za pili, iliyoanza mwaka 2025, ni ndogo mno: euro 300 hadi 550 kwa mwaka kulingana na ukubwa. Hawana haja ya kuifanya silaha.

Singapore nao walijenga, lakini wakauza. Bodi ya makazi, HDB, iliundwa mwaka 1960, na zaidi ya robo tatu ya wakazi wanaishi katika nyumba zake, wengi wakiwa wamezinunua kwa hati ya miaka 99. Sharti linalohusu mada yetu ni hili: mwenye nyumba ya HDB hukaa humo angalau miaka mitano kabla ya kuipangisha yote au kununua nyumba ya binafsi. Nyumba ya pili imezibwa tangu kwenye mkataba wa ya kwanza. Mfumo huu unategemea dola inayomiliki sehemu kubwa ya ardhi, na Singapore iliipata kwa sheria kali ya kutwaa ardhi ya mwaka 1966 iliyolipa fidia chini ya soko. Wanaousifu mfano huo mara nyingi huruka ukurasa huo.

Auckland, jiji la New Zealand, hawakuwa na ardhi wala subira, wakabadilisha ramani. Mpango wa mji wa mwaka 2016 uliruhusu majengo ya ghorofa na nyumba zilizoungana katika takriban robo tatu ya ardhi ya makazi. Vibali vya ujenzi vilipanda sana miaka iliyofuata, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland wanakadiria kwamba kodi za pango zimekuwa chini kuliko ambavyo zingekuwa bila mabadiliko hayo. Gharama kwa hazina ilikuwa ndogo kuliko zote hapa. Udhaifu wake ni kwamba mjenzi binafsi hujenga riba ikiwa nzuri na husimama riba ikipanda, na mwenye kipato cha chini kabisa husubiri nyumba mpya zizeeke.

Kuhusu fedha, Kenya inatoa ulinganisho wa karibu na Vienna. Sheria ya Makazi Nafuu ya mwaka 2024, iliyokuja baada ya Mahakama Kuu kuitangaza tozo ya awali kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kiwango ni kimoja kwa mwenye mshahara mdogo na mkubwa, na mpangaji anayelipwa mshahara huchangia huku jumba tupu, kama jumba, halichangii kitu kwenye mfuko huo. Vienna walianzia kwenye jumba. Kukata mshahara ni rahisi kukusanya, hilo halina ubishi, lakini mzigo unatua kwa mtu tofauti kabisa.

Ningechagua nini

Kwa jiji kubwa lenye ajira, ningeanza na ramani ya Auckland kwa sababu huchukua miaka kuzaa na haigharimu sana, kisha kodi ya nyumba tupu ya mtindo wa Vancouver, mapato yake yafungwe kwenye ujenzi wa nyumba za umma. Marufuku ya wageni wa kigeni ningeiacha kabatini.

Kwa mji mdogo wa kitalii ambako theluthi ya madirisha hayana taa nje ya msimu, hesabu inabadilika. Hapo nyumba za pili ni nyingi kiasi cha kulitawala soko, kwa hiyo kodi ya mwaka inaweza kugusa bei yenyewe. Iamuliwe na halmashauri kama Wales, lakini itozwe kwa thamani ya sasa. Leseni za kupangishia watalii ziwe na kikomo. Marufuku ya nyumba mpya za pili ikae mwisho wa orodha, isipokuwa ardhi imekwisha kweli.

Kwa mkoa unaokimbiwa na vijana, kodi na marufuku zote mbili ni kupoteza muda. Fedha ya kwanza iende kwenye ofisi ya ardhi na mirathi.

Rasimu ya sheria ikifika mikononi mwako, anza na misamaha kabla ya viwango. Vancouver inamsamehe aliyelazwa hospitali, nyumba iliyo kwenye mirathi na inayokarabatiwa kwa kibali, na kila msamaha una masharti yake. Rasimu inayosema tu "kwa sababu za msingi" bila muda na bila ushahidi imeshaandikiwa mwanya, na wa kwanza kupita hapo watakuwa wenye mawakili.